Kukamua Kabla ya Kukausha: Maji, Moto na Historia ya Karatasi

Karatasi huzaliwa ndani ya maji. Kabla haijawa ukurasa, huwa ni nyuzi za mmea zilizopondwa na kuelea katika maji mengi kiasi kwamba anayelitazama rojo likimiminwa juu ya wavu wa mashine ya leo aweza kudhani ni maziwa yaliyotiwa maji kupita kiasi. Kwa kila kilo 1 ya nyuzi huwapo takriban kilo 100 hadi 200 za maji. Karatasi hiyo inapotoka upande wa pili wa mashine, maji yaliyobaki ndani yake ni sehemu 5 hadi 8 tu katika kila 100 za uzito wake. Kwa jicho la fundi, basi, historia ya karatasi ni historia ya namna maji hayo yalivyoondolewa: kwa mikono ya nani, kwa moto upi, na kwa gharama ya nani.

Wasomi wa vitabu na miswada wameandika mengi juu ya wino, khati, alama za maji na njia za biashara zilizoisafirisha karatasi kutoka bandari hadi bandari. Juu ya kukauka kwake wameandika machache. Huenda sababu ni kwamba ukaukaji hauachi saini; karatasi ikishakauka, hakuna anayeuliza ilikaukaje. Hata hivyo, katika kiwanda cha karatasi hakuna hatua inayokula joto zaidi kuliko hiyo, na hakuna hatua iliyobadilisha sana zaidi umbo la jengo, kazi ya wafanyakazi na tabia ya karatasi yenyewe.

Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha mambo haya vizuri. Kuchuja ni kuyaacha maji yaende zake. Kukamua ni kuyatoa kwa nguvu. Kuanika ni kukiacha kitu juani au kwenye upepo, na kukausha ni kuhakikisha kwamba unyevu umekwisha, kwa njia yoyote ile. Mfuaji wa nguo huvipanga vitenzi hivyo kwa mfuatano bila kufundishwa: haaniki nguo kabla ya kuikamua. Viwanda vya karatasi vilijua jambo hilo tangu mwanzo, lakini kwa muda wa karne moja na nusu vilishughulika na moto kuliko kukamua, mpaka bei ya moto ilipovirudisha kwenye hekima ya mfuaji.

Ukuta, jua na upepo

Mapokeo ya China yanaihusisha karatasi na Cai Lun, afisa wa kasri la watawala wa Han, ambaye inasemekana aliuwasilisha ufundi wake mbele ya mfalme mwaka 105, ingawa vipande vilivyofukuliwa vinaonyesha kwamba karatasi ya namna fulani ilikuwapo kabla yake. Karatasi za mwanzo zilianikwa juani. Lakini jua haliamriwi, na mafundi wa China hawakuliachia kazi yote. Song Yingxing, katika kitabu chake cha ufundi Tiangong Kaiwu cha mwaka 1637, anaeleza ukuta wa matofali uliojengwa maradufu, wenye uchochoro katikati. Kuni ziliwashwa kwenye mdomo mmoja wa uchochoro huo, joto likapenya kwenye nafasi zilizoachwa baina ya matofali, na ukuta wote ukapata moto. Karatasi mbichi zilibandikwa ukutani moja baada ya nyingine, zikakauka na kubanduliwa.

Ukuta huo unastahili kutazamwa mara mbili, kwa kuwa ndani yake mna wazo lililokuja kutawala viwanda vya Ulaya karne mbili baadaye: karatasi iguse kitu chenye moto, na moto wenyewe uwe upande wa pili. Karatasi haipati moshi wala masizi, na upande ulioegemea ukuta hutoka laini. Fundi wa China hakuwa na silinda ya mvuke, lakini kanuni alikuwa nayo.

Ufundi ulipofika Samarkand na baadaye Baghdad, ambako karatasi ilikuwa ikitengenezwa kabla ya karne ya 8 kwisha, hali ya hewa ilisaidia. Maandishi ya Kiarabu ya karne ya 11 yanayohusishwa na Mu'izz ibn Badis, mtawala wa Afrika ya Kaskazini, yanaeleza jinsi karatasi mbichi inavyobandikwa kwenye ukuta laini hadi ikauke. Katika nchi zenye jua na hewa kavu, ukuta wa kawaida ulitosha, na moto haukuhitajika.

Ulaya haikuwa na bahati hiyo. Viwanda vya Italia, kisha Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, vilijenga ghorofa za kuanikia juu ya karakana zao. Kuta za ghorofa hizo zilikuwa za mbao zenye vifuniko vilivyoweza kufunguliwa au kufungwa kulingana na upepo. Ndani zilitandwa kamba, mara nyingi za manyoya ya farasi au ng'ombe, zilizopakwa nta ili zisiitie karatasi doa. Karatasi zilianikwa kwa mafungu madogo ya kurasa kadhaa pamoja, kwa sababu ukurasa mmoja ukikauka peke yake hujikunja. Katika viwanda vingi kazi hiyo ya kuinua, kuanika na kuanua ilikuwa ya wanawake.

Ghorofa ya kuanikia ilikuwa na utawala wake. Hewa ikiwa kavu mno, karatasi ilikauka upesi na kujikunjakunja. Ikiwa na unyevunyevu, ilichukua siku nyingi, na ukungu uliweza kuishambulia. Baridi kali iliweza kuigandisha. Juu ya hayo, karatasi ya kuandikia ilianikwa mara mbili. Baada ya kukauka mara ya kwanza ilichovywa katika gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na kwato za wanyama, ili wino usisambae, kisha ikarudishwa ghorofani. Kwa hiyo mwenye kiwanda aliyetaka kuongeza mapato yake hakuzuiwa na sinia za kuchotea rojo peke yake. Alizuiwa pia na ukubwa wa dari yake na tabia ya mbingu.

Karatasi iliyoanikwa hivyo ndiyo iliyovuka bahari na kufika Misri, Sudan, Yemen na Ethiopia, maarufu zaidi ikiwa ile ya Venezia na jirani zake yenye alama ya miezi mitatu, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya wateja wa nchi za Kiislamu. Katika pwani ya Waswahili nako, waandishi wa misahafu wa Siyu katika kisiwa cha Pate walitumia karatasi ya Ulaya. Uzuri wa kazi yao unahusishwa, kwa haki, na mkono wa mwandishi na rangi za mapambo. Lakini chini ya khati hiyo umo upepo uliopita kwenye vifuniko vya mbao mbali sana na Siyu, na siku nyingi za kungoja ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mashine iliyokosa pa kuanikia

Mwaka 1799 Nicolas-Louis Robert, aliyekuwa karani katika kiwanda cha akina Didot huko Essonnes, Ufaransa, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza karatasi kwa mfululizo. Badala ya mtu kuchota rojo kwa sinia moja moja, rojo lilimiminwa juu ya wavu wa waya usio na mwisho uliokuwa ukizunguka, maji yakachuja, na utepe mrefu wa karatasi mbichi ukatokea. Wazo hilo lilihamia Uingereza, ambako ndugu wawili, Henry na Sealy Fourdrinier, waliligharimia, na fundi Bryan Donkin akalitengeneza upya. Mashine yake ilianza kufanya kazi Frogmore, Hertfordshire, mwaka 1803. Akina Fourdrinier walifilisika mwaka 1810, ingawa jina lao limebaki kuwa jina la mashine yenyewe hadi leo.

Mashine hiyo ilitatua tatizo moja na kulifanya jingine liwe kubwa zaidi. Ilitoa karatasi mbichi kwa kasi ambayo hakuna fundi wa sinia aliyeweza kuifikia, lakini ilipofika mwisho wa wavu na kupita kwenye magurudumu ya kukamulia, karatasi ilikuwa bado imelowa. Ilizungushwa kwenye roli, ikakatwa, ikapandishwa ngazi hadi kwenye kamba zile zile za manyoya. Kwa takriban miaka 20 utengenezaji ulikwenda kwa mwendo wa mashine na ukaukaji ukabaki kwenye mwendo wa mawingu.

Kabla silinda haijaja, kemia ilifungua njia. Mwaka 1807 Moritz Friedrich Illig wa Ujerumani alichapisha maelezo ya namna ya kutia utomvu wa msonobari pamoja na shabu ndani ya rojo lenyewe, kabla karatasi haijafanyika. Gundi ya ngozi ilipakwa juu ya karatasi iliyokwisha kukauka. Utomvu na shabu vilikuwa tayari ndani. Ile safari ya pili ya kwenda ghorofani haikuwa lazima tena. Kwa lugha ya leo, Illig aliondoa nusu ya kazi ya kukausha bila kuwasha hata kijiti kimoja. Malipo ya akiba hiyo yalikuja baadaye.

Hatua iliyoibadilisha karakana yote ilichukuliwa na Thomas Bonsor Crompton, mwenye kiwanda huko Farnworth karibu na Bolton, katika eneo la Lancashire lililokuwa kitovu cha viwanda vya pamba. Hataza yake ya mwaka 1820 ilihusu silinda zilizopashwa moto, na kitambaa kisicho na mwisho kilichoibana karatasi juu ya silinda hizo ili isijikunje na ipate joto sawasawa. Ni ukuta wa Song Yingxing uliogeuzwa kuwa duara na kuzungushwa. Karatasi sasa iliingia upande mmoja ikiwa rojo na kutoka upande wa pili ikiwa kavu, bila kuguswa na mkono, bila kungoja kiangazi. Crompton alitajirika, na baadaye akawa mmiliki wa gazeti la Morning Post mjini London, jambo linalofaa kukumbukwa: mtu aliyeifanya karatasi ikauke upesi alikuwa pia miongoni mwa walioishi kwa wingi wake.

Waliokuwa wakiishi kwa uchache wake hawakunyamaza. Novemba 1830, katika wimbi la ghasia za vibarua wa mashambani kusini mwa Uingereza, umati ulivivamia viwanda vya karatasi kando ya mto Wye karibu na High Wycombe na kuvunja mashine. Waliokamatwa walifikishwa mahakamani, na baadhi yao wakahukumiwa kupelekwa uhamishoni katika makoloni ya Australia. Hawakuwa wajinga waliochukia chuma, kama walivyosemwa mara nyingi. Walijua kwamba mashine iliyokamilika kuanzia rojo hadi karatasi kavu haikuwaachia mlango wa kuingilia: si kwenye sinia, wala kwenye kamba za ghorofani.

Alama ya silinda imo ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi iliyoanikwa kwenye kamba ilisinyaa kwa hiari yake, kila upande sawa. Karatasi ya mashine hukauka ikiwa imevutwa upande mmoja, na nyuzi zake nyingi huelekea upande huo. Anayepasua gazeti kwa mkono huliona: upande mmoja hupasuka kwa mstari ulionyooka, upande mwingine huenda kombo.

Hesabu ya joto

Upepo ulikuwa bure, lakini mvuke haukuwa bure. Kuanzia Crompton, kila karatasi iliyokaushwa kwenye silinda ilikuwa na kuni au makaa ya mawe nyuma yake, na hapo ndipo hesabu ya joto ilipoingia kiwandani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kuipasha kilo 1 ya maji kutoka kwenye ubaridi wa barafu hadi kuchemka huhitaji takriban megajuli 0.42. Kuyageuza maji hayo hayo yanayochemka kuwa mvuke huhitaji takriban megajuli 2.26 zaidi, yaani zaidi ya mara tano. Joto hilo la pili wanafizikia huliita joto fiche, kwa kuwa kipimajoto hakilioni: maji hubaki kwenye nyuzi 100 mpaka tone la mwisho litakapoondoka. Hakuna ustadi wa fundi unaoweza kulipunguza. Anayetaka kukausha kwa mvukizo sharti alilipe.

Sasa itazamwe kilo 1 ya nyuzi inapopita kwenye mashine, ikiwa imeanza safari na kilo 199 za maji. Wavu, kwa uzito wa maji na kwa mvuto wa pampu, hutoa takriban kilo 195. Magurudumu ya kukamulia hutoa kilo 2 na nusu hivi. Silinda hubakiwa na kilo 1 na nusu au pungufu kidogo, yaani chini ya sehemu 1 katika 100 ya maji yote. Na bado sehemu hiyo ndogo ndiyo inayotumia sehemu kubwa kabisa ya joto la mashine. Maji ya kwanza huondoka kwa bei ya maji. Ya mwisho huondoka kwa bei ya moto.

Kwa muda mrefu wahandisi waliitikia hesabu hii kwa kuuboresha moto wenyewe. Waliongeza silinda, kutoka chache hadi makumi, zikapangwa kwa safu mbili na karatasi ikapita juu na chini kwa zamu. Walipoongeza kasi walikutana na tatizo lililojificha ndani ya silinda. Mvuke unapotoa joto lake hugeuka kuwa maji. Silinda ikizunguka polepole, maji hayo hukaa chini kama dimbwi na huweza kufyonzwa kwa bomba. Ikizunguka kwa kasi, maji husukumwa pembeni na kuganda ukutani kama pete, na pete hiyo huwa blanketi baina ya mvuke na chuma. Moto upo, lakini hauifikii karatasi. Dawa ilikuwa kufunga vyuma virefu ndani ya silinda, vinavyoyavuruga maji hayo yasitulie. Katika mtikisiko huo joto hupata njia tena.

Nje ya silinda kulikuwa na hasara nyingine. Katika viwanda vya zamani hewa ya moto yenye unyevu ilipaa na kutoka kwenye paa, ikichukua joto fiche lote lililolipiwa kwa makaa. Baadaye mashine zilifunikwa kwa vibanda vilivyozibwa vizuri. Hewa ndani ya kibanda huachwa ibebe unyevu mwingi zaidi kabla haijatolewa, hivyo hewa mpya inayopaswa kupashwa moto huwa kidogo. Na ile inayotoka hupitishwa kwenye mitambo inayolichukua joto lake na kuipasha hewa inayoingia, maji ya kiwanda na hata jengo lenyewe. Katika mianya baina ya silinda, ambako unyevu hujikusanya na kuizuia karatasi isipumue, hupulizwa hewa kavu yenye joto.

Kila moja ya hatua hizi iliokoa kitu. Lakini zote ziliikubali kilo ile 1 na nusu ya maji kama kitu kisichojadiliwa.

Kurudi kwenye kukamua

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani, na kilo ile ikaanza kujadiliwa. Mafundi walikuwa na kanuni ya kukadiria waliyoijua kwa uzoefu: karatasi inayoingia kwenye silinda ikiwa kavu zaidi kwa asilimia 1, mvuke unaohitajika hupungua kwa takriban asilimia 4. Hesabu inaithibitisha. Karatasi inayotoka kwenye kukamuliwa ikiwa na ukavu wa asilimia 40 hubeba kilo 1 na nusu ya maji kwa kila kilo ya nyuzi. Ikitoka na ukavu wa asilimia 50 hubeba kilo 1. Tofauti hiyo ya asilimia 10 hupunguza kazi ya silinda kwa theluthi moja. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kila haba ina uzito wa nne.

Basi kwa nini karatasi haikukamuliwa zaidi tangu zamani? Kwa sababu kukamua kunahitaji muda, na mashine ya kasi haina muda. Magurudumu mawili ya mviringo hugusana kwenye mstari mwembamba tu. Karatasi inayokimbia mamia ya mita kwa dakika hupita hapo kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ikibanwa kwa nguvu zaidi ili kufidia muda, maji hutafuta njia ya kutoka kwa ghasia na kuziponda nyuzi, na karatasi huharibika. Kila mpishi anayekamua tui analijua jambo hili: machicha hayatoi tui lote kwa pigo moja la nguvu, bali kwa mkono unaobana na kukaa.

Mashine iliyojifunza kubana na kukaa iliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa kazi ya kampuni ya Beloit ya Wisconsin, Marekani. Badala ya gurudumu la chini iliwekwa pedi ya chuma yenye mbonyeo, mfano wa kiatu, inayolifuata umbo la gurudumu la juu. Baina yao hupita mkanda uliolainishwa kwa mafuta, blanketi la kunyonyea maji na karatasi. Mahali pa kubana hapakuwa mstari tena, bali eneo la takriban sentimita 25. Karatasi ilibanwa kwa muda mrefu mara kadhaa kuliko zamani, bila kupondwa. Ilianza na karatasi nzito za maboksi, ambazo hutoa maji kwa shida, kisha ikasambaa hadi kwenye karatasi za aina nyingine. Mwujiza wake haukuwa wa moto. Ulikuwa wa subira iliyotafutiwa nafasi ndani ya mashine isiyosubiri.

Wengine walijaribu kwenda mbali zaidi. Nchini Finland ulibuniwa mtambo wa Condebelt, ambamo karatasi hubanwa baina ya mikanda miwili ya chuma, mmoja wa moto na mwingine wa baridi. Maji huvukizwa upande wa moto na kugeuka tena kuwa maji upande wa baridi, ndani ya wavu ulio katikati. Ulifungwa kiwandani Pankakoski mwaka 1996, na karatasi yake ilikuwa imara kuliko ya kawaida, lakini haukuenea. Watafiti wa Marekani nao walijaribu kukamua kwa gurudumu la moto mkali, ili mvuke wenyewe uyasukume maji nje. Karatasi ikawa inapasuka matabaka kwa ndani pale mvuke ulipofunguliwa ghafula. Majaribio haya yanaonyesha kwa nini silinda ya Crompton imeishi zaidi ya miaka 200. Si kwamba ni bora kuliko kila kitu. Ni kwamba inasamehe: karatasi ya aina yoyote hupita juu yake, na ikikatika huunganishwa na kazi ikaendelea.

Moto wa nani

Swali la kiasi cha moto haliwezi kutengwa na swali la chanzo chake. Kiwanda kinachopika vipande vya mti ili kupata nyuzi hubaki na majimaji meusi yenye sehemu kubwa ya lignini ya mti. Tangu tanuri la G. H. Tomlinson la Canada la miaka ya 1930, majimaji hayo huchomwa, kemikali zikarudishwa, na mvuke ukapatikana kwa ajili ya silinda. Mti, kwa hivyo, hutoa ukurasa na pia moto wa kuukaushia. Kiwanda kinachotumia karatasi chakavu hakina majimaji hayo. Kinaokoa misitu na kinaokoa nguvu ya kupika, lakini moto wa kukaushia sharti kiununue. Bei ya gesi ilipopanda barani Ulaya mwaka 2022, viwanda kadhaa vilipunguza au kusimamisha kazi kwa muda, na miongoni mwao vilikuwamo vinavyotumia karatasi chakavu.

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, Webuye, kando ya mto Nzoia magharibi mwa Kenya, kilianza kazi katika miaka ya 1970 kwa ubia wa serikali, Shirika la Fedha la Kimataifa na kampuni ya Orient Paper ya India. Nchini Tanzania kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilianza kuzalisha katikati ya miaka ya 1980 kwa misindano ya msitu wa Sao Hill. Vyote viwili vilijengwa kwa tumaini moja: kwamba nchi zilizopata uhuru zisome vitabu vilivyochapwa kwenye karatasi yao wenyewe. Vyote viwili viliingia katika miongo ambayo mafuta, umeme, vipuri na mikopo vililipiwa kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu. Kiwanda cha Webuye kilifungwa mwaka 2009 kikiwa kimelemewa na madeni, na mji uliokuwa umekua kukizunguka ukabaki na nyumba bila mishahara. Mwaka 2016 kilipata wamiliki wapya. Mgololo nacho kilikwisha kupita mikononi mwa wawekezaji binafsi.

Haitakuwa haki kusema kwamba viwanda hivyo viliangushwa na silinda zao. Uendeshaji, masoko, siasa na bei ya karatasi ya nje vyote vilikuwa na sehemu yao. Lakini sekta ambayo kila tani yake ya bidhaa hudai mvuke mwingi namna hii haina huruma kwa nchi inayonunua moto kwa mkopo. Kiwanda cha Ulaya kilichoshindwa kuokoa mvuke kilipunguza faida. Kiwanda cha Webuye kilipozima tanuri, kiliuzima mji.

Ukurasa unaobaki

Mwaka 1865 mwanauchumi William Stanley Jevons aliandika katika kitabu chake juu ya makaa ya mawe kwamba mashine inayotumia makaa kwa uangalifu haiyapunguzi matumizi ya makaa nchini. Huyaongeza, kwa kuwa kinachopatikana kwa bei nafuu hutakiwa na wengi zaidi. Karatasi ni mfano wake mzuri. Tani moja ya karatasi leo hukaushwa kwa joto kidogo kuliko wakati wa Crompton, na dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka, sehemu kubwa ikiwa maboksi na vifungashio ambavyo huishi siku chache. Akiba ya kila ukurasa imemezwa na wingi wa kurasa. Kwa sababu hiyo kazi ya wahandisi wa leo, wanaojaribu pampu za joto ziwezazo kulikamata joto fiche la hewa inayotoka na kulirudisha kwenye silinda, ni ya lazima, lakini haiwezi kutosha yenyewe. Kutumia moto vizuri ni jambo moja. Kuutumia kidogo ni jambo jingine, na la pili halimo ndani ya mashine.

Kuna deni jingine, na hili linawahusu wasomaji wa maktaba. Ile shabu ya Illig, iliyoiondolea karatasi safari ya pili ya ghorofani, iliacha asidi ndani ya nyuzi. Katika karne ya 20 utafiti wa William Barrow huko Virginia ulionyesha jinsi asidi hiyo ilivyokuwa ikivila vitabu vya zama za mashine kutoka ndani, mpaka kurasa zikavunjika zinapokunjwa. Magazeti, yaliyotengenezwa kwa mti uliosagwa bila kupikwa, yalikuwa dhaifu zaidi. Karatasi isiyo na asidi ilianza kuwa ya kawaida katika vitabu kuelekea mwisho wa karne hiyo.

Matokeo yake ni kinyume cha matarajio. Msahafu wa Siyu, ulioandikwa kwenye karatasi iliyongoja upepo na kuchovywa gundi ya ngozi, waweza kufunguliwa leo, kama wadudu na unyevu wa pwani umeuhurumia, na karatasi yake ikakunjika bila kuvunjika. Gazeti kama Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, ni la zama za karatasi iliyokauka kwa dakika, na nakala za magazeti ya zama hizo hushikwa kwa hofu. Maandishi yaliyowafikia wengi zaidi ndiyo yaliyowekwa kwenye karatasi isiyokusudiwa kudumu.

Kosa si la silinda. Bila ya silinda, gazeti la bei ya senti chache lisingekuwapo, na wengi waliojifunza kusoma Kiswahili kwa magazeti wangebaki bila kitu cha kusoma. Ila kila mara njia ya kukausha ilipofupishwa, kuna kitu kililipa: msitu, mgodi wa makaa, mfanyakazi wa ghorofani au uhai wa ukurasa. Njia iliyodai malipo madogo kuliko zote ilikuwa ile ya kuyatoa maji mapema, kwa kubana na kungoja, kabla moto haujaitwa. Mfuaji alilijua hilo tangu zamani, na viwanda vilichukua zaidi ya karne na nusu kulikubali.